Mlima wa Inspekta

Ntinda, Kampala
Jumapili, 14 Januari 1990

Yaya Pélagie,

Nakusalimu, dada yangu mkubwa, mara moja kwa ajili yako na mara ya pili kwa ajili ya mwaka mpya. Salamu za Krismasi nilimpa Guerschom, na najua alizilalia ndani ya lori lake mpaka zikachacha. Barua hii pia anakuletea yeye. Mwulize, mwone atakavyokuna kichwa.

Huku mimi mzima. Meno yamebaki kumi na moja, lakini ndiyo yale mazuri. Sauti bado inafukuza mwizi kutoka hapa mpaka Wandegeya. Nyumba haivuji isipokuwa mvua ikinyesha.

Barua yako ya Novemba niliisoma mwenyewe, siku tatu, neno kwa neno. Mugisho alitaka kunisomea, yule jirani wa Bukavu, fundi viatu, mfupi kama kijiti cha kibiriti. Nikamwambia, mimi nilisoma katekisimu kwa Padri kabla baba yako hajamwona mama yako. Unasema unataka kunishonea koti lakini, nikiwa huku, hujui vipimo vyangu. Vipimo vya nini tena? Tumia vile vya mwaka 1960 vilivyo kwenye daftari lako. Kakule hapungui.

Sasa jambo lenyewe. Unajua nalinda stoo ya Bwana Umar, ya mabati na saruji. Miaka minne tangu vita viishe, mimi na mbwa wangu Inspekta, na hata msumari mmoja haujatoka. (Cheo mimi sikupata maisha yangu yote, lakini kila jioni namwambia Inspekta kaa chini, na Inspekta anakaa.) Juzi Umar akaniita. Akasimama mbali kidogo, maana yeye ni mtu wa swala na hataki pua ya mbwa iguse kanzu yake.

"Mzee Kakule," anasema, "kuna kampuni ya walinzi imefungua hapo juu. Wana sare, na wana mbwa aliyesoma."

"Amesoma wapi?"

"Mafunzo, Mzee. Wana kitu kama paa lisilo na nyumba. Mbwa anapanda upande huu, anakaa kileleni mpaka aitwe, anashuka upande ule. Chini kuna rangi ya njano. Akiruka kabla ya kukanyaga njano, ameshindwa."

"Inspekta anafanya hayo akiwa amelala."

"Vizuri. Tarehe mbili Juni wataleta paa lao hapa uani. Inspekta akiweza, mnabaki wote wawili. Akishindwa, nachukua kampuni, na nyinyi nitawaaga kwa heshima."

Mimi nikasema, hata kesho walete.

Kwa hiyo najenga mlima wangu wa mbao nyuma ya stoo, Inspekta ajifunzie. Lipo lori lililoungua wakati wa vita, mbao za ubavu wake nzuri sana. Mlima wa kampuni nimeuchungulia. Kilele kinafika puani mwa mlinzi anayesimama kando, hiyo ni mikono yangu mitatu, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Upana wake chini nimeupima kwa kutembea nje ya senyenge, nimepata mikono minane. Urefu wa ubao wenyewe sikuupata kwa sababu mlinzi aliniuliza natafuta nini.

Sikuombi shauri. Mimi nilifundisha mbwa wa Mzungu wa kahawa kule Lubero. Nakujulisha tu.

Ndugu yako,
Kakule

Ile kamba ya Baba ya kuwekea kona za nyumba, ilikuwa na vifundo vingapi? Sijasahau. Nataka kuona kama wewe unakumbuka.


Butembo
4 Februari 1990

Mdogo wangu Kakule, mwenye meno kumi na moja,

Amani ya Bwana ikukute umeketi, maana najua ukisimama unajisifu. Guerschom amefika na barua, na kichwa amekikuna kama ulivyotabiri.

Hapa tunaendelea. Princesse, mtoto wa marehemu kaka yetu, amembatiza msichana wake wa miezi saba kwa jina langu. Kwa hiyo nami nina meno mawili mapya. Mbuzi wa parokia alikula pazia nililokuwa nashona, la kijani. Mashine yangu bado inakwenda, ila mguu wangu ndio unaokanyaga polepole.

Kuhusu mbwa wa yule Mzungu: nakumbuka vizuri ulikuwa unaosha sahani zao. Ni kazi nzuri pia.

Vifundo ni kumi na viwili, na wewe umesahau, kwa sababu Baba alipokuwa anatufundisha wewe ulikuwa unakimbiza mbwa. Sikiliza sasa. Kamba ya mikono kumi na miwili, imefungwa mwisho na mwanzo ikawa pete, fundo kila mkono. Watu watatu wanaivuta: upande mmoja mikono mitatu, wa pili minne, wa tatu mitano. Ikikaza, kona iliyo kati ya tatu na nne inasimama kama kona ya nyumba, hailali huku wala huku.

Mlima wako ni kona mbili za namna hiyo zilizopeana mgongo. Nguzo ya katikati ni tatu, ile pua ya mlinzi. Chini ni nane, nusu yake nne kila upande. Ubao ambao mlinzi alikunyima kuupima ni tano. Huna haja ya kupanda senyenge. Kamba ya Baba imeshakupimia.

Ndani ya bahasha kuna karatasi niliyokukatia, nusu mbili. Nilikunja kwanza ndipo nikakata mara moja, ndiyo maana zinalingana, kama mikono ya shati. Na usiwe mjanja ukaweka nne juu na tatu chini. Inspekta si mbuzi.

Vipimo vya mwaka 1960 ni vya kijana aliyekuwa anaruka mto. Nitumie vipya.

Umeandika kwamba Bwana Umar atakuaga. Hukuandika baada ya hapo unakwenda wapi. Chumba cha nyuma kipo. Nimeweka mahindi ndani, lakini mahindi yana miguu mepesi.

Dada yako,
Pélagie


Ntinda
25 Februari 1990

Yaya,

Salamu kwako, kwa Princesse, na kwa mtoto mwenye jina zito. Salamu pia kwa mbuzi wa parokia, ndiye pekee huko mwenye akili.

Mahindi yabaki hapo yalipo.

Karatasi yako ilifika. Nusu moja Inspekta ameila, kwa hiyo somo limeingia. Mlima umesimama! Watu wa Ntinda wanapita wanauliza ni kanisa la nani. Nimepiga vipapi, vile vijiti vyembamba vya mbao, juu ya ubao ili kucha zisiteleze, chini nimepaka njano, rangi amenipa mtu wa bodaboda aliyepaka baiskeli yake. Nguzo katikati, mikono mitatu. Mimi nilikata ubao wangu mikono mitano, Mugisho akakata wake mikono mitano, kila mtu na msumeno wake, tumalize kabla ya mvua.

Inspekta anapanda upande wangu kama malaika. Anakaa juu, anangoja. Mimi nainua mkono wa kulia juu kabisa, bila neno, kama walivyofanya wakubwa wa polisi, na yeye anaanza kushuka upande wa Mugisho. Akifika katikati, kucha zinakwaruza, anaruka! Njano haigusi. Kila siku hivyo. Nimemgeuza aanzie upande wa Mugisho: anaweka miguu miwili, ananitazama, anakwenda kulala. Mimi nadhani hapendi watu wa Bukavu.

Ubao wa Mugisho ulikataa kufika kwenye kigingi nilichopigilia, tukausogeza ndani kidogo. Hilo si kitu.

Umar alikuja jana kutazama. Alitikisa kichwa tu, akaenda kuswali. Bado miezi mitatu, na mimi sijawahi kushindwa na mbwa.

Koti: nimekwisha kusema.

Kakule


Butembo
18 Machi 1990

Mdogo wangu,

Nakuandikia mvua ikipiga bati, kwa hiyo kama hunisikii vizuri, soma kwa sauti. Sisi wazima. Mtoto amepata jino la tatu. Mbuzi amekula kitambaa cha altare, Padri anasema sasa ni mbuzi wa Mungu kweli.

Inspekta hana neno na watu wa Bukavu. Mwombe radhi.

Nakuuliza swali moja tu. Ubao wa Mugisho ni mikono mitano. Mikono ya nani?

Umesahau sokoni? Baba alisokota kamba, akaziuza kwa mkono. Siku ya kuuza alinituma mimi, kwa sababu mkono wangu ni mfupi, kila kamba ikatoa mikono mingi. Siku ya kununua katani alikutuma wewe, kwa sababu mkono wako ulikuwa mrefu kama wa nyani. Wanawake wa soko walipogundua walitukimbiza mimi na wewe mpaka mtoni. Wewe uliruka, mimi nililowa. Tumekula ugali wa ujanja huo miaka saba, na leo umejidanganya kwa ujanja wa baba yako mwenyewe!

Mugisho ni mfupi. Mikono yake mitano haifiki mitano yako. Ubao mfupi ukitaka kufika kilele kilekile, lazima mguu wake uingie ndani, na ukiingia ndani unasimama kama ngazi. Ndiyo maana kigingi kiliukimbia. Mbwa wako anapanda kilima na kushuka ukuta. Mimi pia ningeruka.

Mkono wowote unafaa, mrefu au mfupi. Lakini uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Chagueni.

Dada yako,
Pélagie

Guerschom anasema njia ya Beni ni tope tupu, magari yamelala. Sijui utaisoma lini.


Ntinda
8 Aprili 1990

Yaya,

Leo ni Jumapili ya Matawi na barua yako haijafika. Umenikasirikia, au mbuzi amekula na karatasi? Mimi mzima kabisa kabisa. Anayeandika ni Mugisho, kwa sababu kalamu yangu imekwisha wino. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuongeza hata nukta.

Mlima unaendelea vizuri. Inspekta anaendelea vizuri. Bado anaruka, lakini sasa anaruka kwa heshima. Nimeamua kwamba mbwa anahitaji kuonyeshwa, si kuambiwa tu. Nilimwonyesha. Alielewa kidogo.

Salimu wote. Sasa nakwenda kumpa chakula.

Mama Pélagie, ni mimi Mugisho. Mzee ametoka, naandika mbio. Kalamu yake ni nzima. Jumapili iliyopita alipanda mlima mwenyewe, kwa miguu minne, ili Inspekta aone afisa anavyoshuka. Alishukia upande wangu. Alianguka, mkono wa kulia ukavunjika. Tulilala hospitali ya Mulago siku mbili, wamemfunga plasta mpaka begani. Inspekta alitufuata na kukaa langoni siku zote mbili, hawakuweza kumfukuza. Mzee ameapa nikikwambia atakata urafiki. Haumii sana, anatukana vizuri. Shida yake ni moja, anaogopa tarehe mbili Juni, na hawezi kulisema hilo. Anarudi. Anauliza mbona barua ni ndefu. Nimemwambia naandika salamu.

Kakule


Ntinda
6 Mei 1990

YAYA,

TAZAMA HERUFI HIZI. NAANDIKA KWA MKONO WA KUSHOTO, ILI UJUE KAKULE ANA MIKONO MIWILI NA YOTE IMESOMA. ULE WA KULIA UNAPUMZIKA.

Nimechoka kuandika kubwa, sasa naandika ndogo. Barua yako ya Machi ilifika juzi, na tope la Beni juu yake. Nilikaa nayo juu ya mfuko wa saruji. Nikamwita Mugisho, nikamwambia lete mkono wako. Tukaweka kiwiko kwa kiwiko juu ya meza yake ya viatu. Wake unaishia pale vidole vyangu vinapoanzia. Nilicheka mpaka Inspekta akabweka. Yaya, lile soko! Nilikuwa nimelisahau, na ule mto.

Basi tumevunja yote. Nilitaka tutumie mkono wangu, kwa sababu ndio ulio na heshima. Lakini ubao wa Mugisho umeshakatwa, hauwezi kurefuka, na mkono wangu, nimesema, unapumzika. Kwa hiyo mlima wote sasa ni wa mkono wa Mugisho. Nguzo tumeipunguza. Ubao wangu tumeukata, na nilisikia msumeno kama unanikata mimi. Kamba ya vifundo kumi na viwili amefunga yeye peke yake, mimi nilishika pembe. Ilipokaza, Yaya, niliona mgongo wa Baba ameinama kwenye msingi.

Inspekta alipanda. Alikaa. Alishuka kama mama mkwe anayeingia kanisani. Njano! Amefanya mara ishirini na sita, mimi nahesabu. Kwa sasa Mugisho ndiye anayeinua mkono, mimi natoa amri kwa macho.

Jambo moja linanikosesha usingizi wa mchana. Mlima wetu ni kibeti. Kilele chetu kinafika kifuani mwa mlinzi, chao kinafika puani. Inspekta akiuona ule mkubwa hatashtuka? Nakuuliza tu, siogopi.

Kakule


Butembo
20 Mei 1990

Mdogo wangu,

Guerschom anarudi leo hiihii, kwa hiyo salamu zote zibebe kwa mkupuo mmoja: wazima, wazima, mbuzi ameuzwa.

Mkono unaopumzika unapumzika wapi, ndani ya kitu cheupe? Sisemi nimejuaje. Uupake mafuta ukifunguliwa, na usiubebeshe ndoo.

Mlima kibeti usikutie wasiwasi. Gauni la Princesse na gauni la mtoto wake nimeyakata kwa karatasi moja: la mtoto nimepunguza kila upande kwa kiasi kilekile. Moja ni kubwa, jingine dogo, lakini ukiyatazama kwa mbali utasema ni gauni moja. Tatu, nne na tano za Mugisho zina mteremko uleule wa tatu, nne na tano zako. Miguu ya mbwa haijui kimo. Inajua mteremko tu. Ule mkubwa kwake utakuwa ni uleule, ila mrefu zaidi kidogo.

Nimefunga novena, siku tisa za sala. Padri aliniuliza nia yake, nikamwambia ni kwa ajili ya Inspekta. Alifurahi sana, anadhani nina ndugu polisi.

Chumba cha nyuma sitakitaja tena. Lakini nimehamisha mahindi.

Pélagie


Ntinda
3 Juni 1990, Pentekoste

Yaya wangu,

Nakuandikia kwa mkono wa kulia! Plasta imetolewa wiki mbili sasa. Mkono ni mwembamba kama wa mtu mwingine na haunyooki vizuri, lakini kuandika unaandika. Barabara nje imejaa mahujaji wanaokwenda Namugongo kwa miguu, wanaimba tangu alfajiri. Mimi naona wanaimba kwa ajili yangu.

Sikiliza. Jana saa nne walikuja. Gari jeupe, watu wanne wenye sare, na mlima wao umekunjwa kama kitabu. Mbwa wao ni mkubwa, wa Kizungu, masikio yamesimama, jina lake Taiga. Inspekta wetu sikio moja limelala, unajua, lile lililoumwa na panya. Mkubwa wao akamtazama akaniuliza:

"Mzee, huyu ndiye mbwa, au mbwa anakuja?"

Nikamwambia, "Huyu ni Inspekta. Wewe una cheo gani?"

Umar alikuwa amekaa kwenye kiti, kanzu ameikusanya magotini. Taiga akapita. Siwezi kusema uongo, alipita vizuri: juu, kaa, chini, njano. Watu wakapiga makofi. Walikuwa wengi, hata wale wa kuuza ndizi waliacha ndizi.

Kisha sisi. Nilimwambia Mugisho asimame pembeni, hii ni kazi yangu, mimi ndiye mlinzi. Inspekta aliutazama ule mlima mkubwa. Akanusa njano yao. Akapanda. Yaya, alipanda kana kwamba amezaliwa juu yake! Hakutazama ukubwa hata kidogo. Akafika kileleni, akakaa, akageuza shingo kunitazama, kusubiri alama.

Nikainua mkono wa kulia.

Ulifika begani. Hapo ukakataa. Nikausukuma kwa roho, ukakataa. Yeye amezoea mkono unaosimama juu wima, huu wa begani haujui. Akaendelea kukaa. Nikainua wa kushoto, akatazama pembeni kama nimemtukana. Yule mkubwa wa sare akaanza kutabasamu. Umar akashika magoti kama mtu anayetaka kuinuka. Nikaona chumba cha nyuma. Nikaona na mahindi.

Basi, mkono ukainuka, wima kabisa, na Inspekta akashuka. Hatua, hatua, hatua. Miguu yote minne juu ya njano. Akakaa mwenyewe, bila kuambiwa, mbele ya kiti cha Umar, pua mbali na kanzu. Watu wakashangilia kama bao limeingia!

Umar akasimama. Akasema, "Mzee Kakule, mimi ni mtu wa neno langu. Stoo ni yenu." Kisha akamwambia Inspekta, kwa mbali, kwa sauti ya chini, "Nawe ahsante, bwana."

Yule mkubwa wa sare ameniuliza kama naweza kuja kufundisha mbwa wao Jumamosi. Nimemwambia nitafikiri. Nimeshafikiri, nitakwenda.

Ndani ya bahasha kuna kamba mbili. Ndefu ni mimi: fundo la kwanza mkono, la pili mabega, la tatu tumbo. Nyingine ni ya Inspekta, kifua na mgongo, kama kitambaa kitatosha. Amepima Mugisho, mimi nilifumba macho.

Ndugu yako mshindi,
Kakule


Butembo
1 Julai 1990

Mdogo wangu mshindi,

Barua yako imesomwa hapa mara nne, mara ya mwisho na Padri, aliyejua sasa Inspekta ni nani. Hakukasirika. Alisema novena haina hasara.

Koti lako anakuja nalo Guerschom, mwambie alivue, maana najua atalivaa njiani. Nikuambie siri yangu, na mimi nina yangu. Kitambaa nilikikata mwezi wa Januari, siku ileile niliyopata barua yako, kwa vipimo vya mwaka 1960, kwa sababu nilitaka kuamini. Ilipofika kamba yako nikailaza juu ya kitambaa, juu ya meza. Mkono ulizidi vidole viwili. Mabega yalizidi vidole vitatu. Kisha nikachukua mkasi nikapunguza, na vile vilivyobaki nimeviunga: ndilo koti la Inspekta. Hakikupotea hata kipande. Kilichokuwa kimezidi kwako kimemtosha yeye.

Sasa nijibu kitu kimoja. Umeandika, "mkono ukainuka". Nimeipitisha sentensi hiyo kwenye mwanga kama noti. Wa kulia uligoma begani. Wa kushoto hautambuliwi. Mkono wa nani, Kakule?

Dada yako,
Pélagie


Ntinda
22 Julai 1990

Yaya Pélagie,

Salamu kwa mtoto mwenye meno, sijui sasa ni mangapi, karibu atanipita. Guerschom alifika amevaa koti langu, nikamvua barabarani mbele ya watu.

Linanikaa. Halibani, halining'inii. La Inspekta pia linamkaa, na tangu alivae anapita sokoni kifua mbele, watu wanamsalimu yeye kwanza ndipo mimi. Jumamosi ninawafundisha mbwa wa kampuni. Taiga ni mpole, lakini kichwa kigumu. Nimemwambia mkubwa wao kwamba milima yote ipimwe kwa mkono mmoja. Aliandika.

Kuhusu vile vidole viwili: mimi sikupungua. Wewe ndiye uliyepima vibaya mwaka 1960, ulikuwa unacheka.

Na kuhusu swali lako. Alikuwa amesimama pale pembeni nilipomwambia asimame, nyuma ya watu, na mfupi alivyo hakuna aliyemwona. Alipanda juu ya sanduku lake la viatu. Mkono wa Mugisho. Nimeandika. Sitarudia.

Hajalitaja jambo hilo kwa mtu tangu siku ile, wala hajadai kitu. Jana baridi ya asubuhi ilimkuta pale langoni anashona soli, amejifunika gunia. Kwa hiyo ndani ya bahasha kuna kamba ya tatu. Safari hii nimepima mimi, na yeye amefumba macho.

Usicheke ufupi wake.

Kakule